Injini ya pikipiki ya zamani imejamu: namna ya kuifungua bila kuivunja

Pikipiki ya zamani iliyojamu huumia zaidi siku ya kufufuliwa kuliko miaka yote iliyokaa bila kuguswa. Mtu amerithi Honda ya baba yake, imesimama nyuma ya nyumba Tabata au Mbagala, Dar es Salaam, imefunikwa turubai. Anapanda, anapiga kiki, kiki inagoma. Anairukia kwa uzito wote. Ikishindikana anaita vijana wa kijiweni wasukume, anatia gia ya pili, anaachia klachi ghafla, tairi la nyuma linaburuta mchangani, na ndani ya injini kunalia kishindo kimoja. Kutu kidogo iliyokuwa imeshika ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, ambayo ingeachia kwa oili na siku chache za kusubiri, sasa imeleta pistoni iliyopasuka, meno ya kiki yaliyokatika au konrodi (mkono unaoshika pistoni) iliyopinda.

Haya ni maelekezo kwa mwenye pikipiki ya namna hiyo, hasa zile za silinda moja tulizozizoea: Honda CG125 na nakala zake za Kichina, Honda C70 na C90, Honda XL125, Yamaha AG100, Suzuki A100. Nimeyapanga kama ninavyofanya kazi mwenyewe. Nguvu inaongezwa pale tu njia ya upole iliyotangulia imepewa muda wa kutosha na imeshindwa.

Kabla hujanunua hata chupa ya oili, tafuta kadi ya pikipiki, kisha linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizoandikwa humo. Nimeona watu wakifufua injini vizuri kabisa halafu pikipiki ikabaki uani kwa sababu haina makaratasi.

Hakikisha kilichojamu ni injini

Weka gia huru, inua tairi la nyuma kwa stendi kubwa, lizungushe kwa mkono. Kama halizunguki hata kwenye gia huru, anza na breki. Viatu vya breki ya nyuma hushikana na dramu kwa kutu, na cheni iliyokauka hukakamaa kama fimbo. Legeza waya au fimbo ya breki, paka cheni dizeli, jaribu tena. Hapa ndipo pikipiki kadhaa "zilizojamu injini" hupona bila injini kuguswa.

Tairi likizunguka, toa plagi. Usipige kiki, hata ya kujaribu, plagi ikiwa bado ndani. Inawezekana silinda imejaa kimiminika: maji ya mafuriko kama pikipiki ililala mtaa wa Jangwani au kwingine kwenye bonde la Msimbazi, au petroli iliyokuwa ikivuja taratibu kwenye kabureta yenye sindano mbovu. Kimiminika hakishindiliki. Pistoni ikikikuta njiani inasimama, na ukiilazimisha, konrodi ndiyo inayopinda. Plagi ikishatoka, simama pembeni, usiinamie tundu, sukuma kiki taratibu kwa mkono. Injini ikizunguka na kutema maji au petroli, haikuwa imejamu. Ikaushe, tia oili ndani ya silinda siku hiyohiyo, kwa sababu ukiiacha hadi kesho kutu itaanza.

Plagi yenyewe ikigoma kutoka, usiikate shingo. Safisha mchanga unaoizunguka kwa brashi, dondoshea oili ya kupenya, iache usiku kucha.

Kisha fungua kava la kushoto, upande wa magneti (gurudumu la kuzalisha umeme), uweke soketi kwenye nati ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Jaribu kuizungusha kidogo tu, kwa mkono mmoja. Krenki ikizunguka wakati kiki imekwama, tatizo lako ni kiki na gia zake, na dawa yake iko nyuma ya kava la kulia. Krenki ikigoma kabisa, endelea kusoma.

Uliza ilizimikaje

Swali moja kwa mwenye pikipiki linaokoa kazi ya wiki nzima: "Mzee, siku ya mwisho ilizimikaje?" Akikujibu, "Niliiegesha mwenyewe, sikuwa na hela ya tairi," furahi. Hiyo ni kutu ya kukaa na mara nyingi inaachia. Akisema, "Nilikuwa napanda kilima cha Kimara, ikapungua nguvu, ikakaza tairi, ikazima," basi hiyo imenoki. Iliishiwa oili au ilichemka, aluminiamu ya pistoni ikajipaka kwenye ukuta wa silinda. Kuilowesha kutakusaidia kuizungusha, lakini jua tangu leo kwamba bloku, ile nyumba ya silinda, itafunguliwa tu. Na akikwambia ililia kama chuma kinasagwa kabla ya kuzima, kuna kitu kimevunjika: valvu, beringi, au cheni ya taimingi kwa zile zinazotumia cheni. Hiyo usiizungushe hata nusu mzunguko. Fungua hedi, kile kifuniko cha silinda, kwanza uone.

Kutu ya kukaa ina njia yake, na hapa Dar hali ya hewa inaisaidia. Injini ikizimwa, mara nyingi valvu moja hubaki wazi kidogo, na ekzosi iko wazi muda wote. Hewa yenye unyevu na chumvi ya bahari inaingia, usiku inapoa na kuacha umande juu ya ukuta wa silinda. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huongeza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ule upenyo mwembamba kati ya ringi na silinda unajaa na kukaza. Pistoni ni aluminiamu, ukuta wa silinda ni chuma, na vyuma viwili tofauti vikikutana kwenye maji ya chumvi hulana. Ndiyo maana unga mweupe hukutwa umechanganyika na kutu nyekundu kwenye injini za Kigamboni na Kunduchi.

Mwaga oili ya zamani sasa hivi, usisubiri mwisho. Weka karai, fungua boliti ya chini, na uangalie kinachotoka. Maji yakitangulia kutoka, au oili ikiwa imegeuka nyeupe nzito, injini imekunywa maji na beringi nazo zina kutu. Chembe ndogo zinazong'aa ni aluminiamu ya pistoni. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni gia au beringi, na hapo unashusha injini nzima. Oili chafu usiimwage mtaroni. Gereji nyingi zina pipa lake, na mafundi mbao huichukua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Kulowesha

Hapa ndipo kazi ilipo. Mengine yote ni nyongeza.

Mchanganyiko ninaoupenda ni nusu hidroliki ya gia za otomatiki, ile nyekundu, na nusu asetoni. Asetoni ni nyepesi sana, inabeba hidroliki mpaka mahali ambapo oili nzito haifiki, kisha yenyewe inakauka na kuiacha hidroliki ikifanya kazi. Viwili hivi havikai pamoja, vinajitenga, kwa hiyo tikisa kila unapotaka kumimina. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Asetoni inawaka kwa urahisi sana, na inakula rangi ya tangi na mpira. Fanya kazi hii nje, bila sigara wala jiko la mkaa karibu.

Huna asetoni? Nusu dizeli na nusu hidroliki inafaa. Inachukua siku zaidi, basi. Mafuta ya taa yanapenya vizuri lakini hayalainishi, kwa hiyo yachanganye na oili. Wengi hushauri soda ya kola, nami nakataa. Ina asidi, ni kweli, lakini zaidi ya hiyo ni maji na sukari, na unachohitaji ndani ya silinda hiyo si maji zaidi. Siki vilevile: inatoa kutu kwenye chuma kilichofunguliwa mezani, lakini ndani ya injini inaila aluminiamu pole pole.

Kiasi cha kumimina kipime. CG125 ina silinda ya upana wa milimita 56.5, pistoni inasafiri milimita 49.5, jumla cc 124. Pistoni ikiwa katikati ya safari, nafasi iliyo juu yake ni karibu mililita 75, yaani vijiko vitano vya chakula. Mimina taratibu kupitia tundu la plagi kwa bomba la sindano na kipande cha mpira, mpaka uone kimiminika kwa tochi. Kama kinatokea ekzosi au kabureta, valvu iko wazi. Legeza skrubu za tepeti, zile za kurekebisha valvu, mpaka roka (mikono inayosukuma valvu) zicheze, valvu zitafunga kwa springi zake. Kama bado zinavuja, valvu nazo zimeshikwa na kutu, zidondoshee hapohapo kwenye shina.

Honda C70 na C90 zina jambo lake. Silinda imelala, hedi inaangalia mbele. Ukimimina oili pikipiki ikiwa imesimama kawaida, inalowa sehemu ya chini tu, na nusu ya juu ya ringi inabaki kavu. Inua tairi la mbele juu ya kreti au ukuta mfupi, ifunge isianguke, ili hedi ielekee juu na oili izunguke pistoni yote. Watu wengi huloweka C90 wiki mbili bila kufanya hivi, kisha wanailaumu oili.

Weka alama. Chukua kalamu nyeupe ya kufutia wino, chora mstari mwembamba unaotoka kwenye magneti kuja kwenye kesi ya injini. Mstari huo ndio utakaokwambia ukweli. Krenki inaweza kusogea kiasi cha unene wa ukucha bila mkono kuhisi chochote, lakini mstari uliokatika unaonekana.

Kila asubuhi tazama kiwango kwa tochi. Kikipungua na hakuna kinachotoka kwenye ekzosi, kinapita kando ya ringi kwenda chini, na hiyo ndiyo habari njema unayoisubiri. Ongeza. Kisha gonga kidogo kichwa cha boliti ya krenki na ukingo mnene wa bloku kwa mpini wa mbao wa nyundo. Mtikisiko unaifungulia oili njia. Usigonge mapezi ya kupozea, yanakatika.

Siku tatu ni chache. Wiki moja ni kawaida, na pikipiki iliyokaa miaka kumi kando ya bahari inaweza kudai wiki tatu. Ifunike, endelea na shughuli zako.

Kuizungusha

Baada ya siku kadhaa za kulowesha, tia gia ya juu kabisa, ya tatu, ya nne au ya tano kulingana na pikipiki, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, litikise mbele na nyuma. Gia ya juu ndiyo inayofikisha nguvu kubwa kwenye krenki kutoka kwenye tairi. Gia ya kwanza inafanya kinyume, utaona tairi gumu ajabu bila faida yoyote. Tikisa, usikamue. Kinachotafutwa ni kusogea kwa chembe, kurudi, kusogea tena.

Kwenye nati ya krenki kuna mtego. Injini nyingi za Honda za silinda moja, ukizitazama kutoka kushoto, krenki huzunguka kinyume cha saa. Nati ile nayo hufunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo ukiisukuma kwa nguvu kuelekea mzunguko wa kawaida wa injini, unaifungua nati. Anza kwa kuelekea mwendo wa saa, upande wa kukaza, kwa mpini wa sentimita 30 hivi na bila bomba la kurefusha, na upande wa pili utumie tairi. Bomba refu juu ya spana linakunyima hisia ya mkono, na hisia ya mkono ndiyo kipimo pekee ulicho nacho hapa.

Inapoachia, mara nyingi hakuna mlio. Mkono unahisi ugumu umegeuka kuwa uzito, kama mtu aliyekuwa anavuta kamba upande wa pili ameamua kukufuata. Tazama mstari wako mweupe: umekatika kwa milimita mbili. Simama hapo. Usishangilie kwa kuzungusha mzunguko mzima, kwa sababu juu na chini ya pistoni kuna kutu ambayo haijalowa, na ringi ikipita juu yake inavunjika au inachora silinda. Ongeza oili, rudi nyuma milimita mbili, nenda mbele tatu, rudi. Robo ya mzunguko wa kwanza inaweza kuchukua jioni nzima. Ikikaza mahali fulani, usipite, lowesha tena mpaka kesho.

Ikigoma: joto, kisha grisi

Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha bloku. Kupasha kila kitu pamoja, kwa hiyo, kunaweza hata kuikaza pistoni kwa muda. Faida ya joto iko kwenye kupasha na kupoza, kupasha na kupoza: vyuma vinatanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, kutu katikati yake inapasuka, oili inaingia kwenye nyufa. Pasha bloku kutoka nje kwa matambara yaliyochovywa maji ya moto, yabadilishe yakipoa. Jua la saa saba mchana la Dar nalo lisidharauliwe kwa bloku nyeusi. Wenye kifaa cha hewa ya moto watumie hicho. Moto wa gesi sikushauri pale ambapo silinda ina asetoni, dizeli au petroli, na sharti hili halina mazungumzo.

Njia ya pampu ya grisi ni ya mwisho kabla ya kufungua hedi, na ina nguvu kuliko inavyoonekana. Chukua plagi ya zamani ya saizi hiyohiyo, vunja kauri yote, upeleke ganda lake kwa mchomeleaji wa mtaa wa Gerezani akuwekee nipo, kile kijidomo cha kupokea grisi. Legeza tepeti ili valvu zote mbili zifunge. Jaza silinda oili kwanza, funga ganda lako kwenye tundu la plagi, kisha pampu. Silinda ya milimita 56.5 ina eneo la sentimita za mraba 25. Pampu ikifika shinikizo la baa 100 tu, pistoni inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu, tena sawasawa pande zote, kitu ambacho nyundo haiwezi.

Kwa sababu hiyohiyo kuna masharti. Nati zote za hedi ziwe zimekazwa. Pampu ikikaza, ngoja dakika kadhaa kabla ya mkupuo unaofuata. Na pistoni isiwe juu kabisa wala chini kabisa, kwa maana hapo konrodi imenyooka na nguvu yote inashuka kwenye beringi za krenki bila kuzungusha kitu. Utajua kwa kutazama herufi T kwenye magneti. Ikiwa imelingana na alama ya kesi, pistoni iko juu. Ikiwa upande wa pili kabisa, iko chini. Kwenye hali hizo mbili acha grisi, fungua hedi.

Kufungua hedi na bloku

Nati za hedi zilegeze kwa zamu, kimkingamo, robo mzunguko kila moja, ili hedi isipinde. Stadi zenye kutu zidondoshee oili tangu jana yake. Hedi ikiondoka utaona mdomo wa silinda na kichwa cha pistoni, na mara nyingi mduara wa kutu juu yake. Usiiguse pistoni kabla ya kuusafisha mduara huo kwa msasa laini namba 400 uliolowa oili. Futa unga wote.

Sukuma kuelekea chini kwanza, maana eneo lililo chini ya pistoni lilikuwa linapakwa oili ya kesi na kwa kawaida ni safi zaidi. Chonga kipande cha mbao ngumu, mninga au mkongo, kiwe duara la milimita 50 hivi, kikae sawa juu ya pistoni. Gonga kwa nyundo ya mpira, mapigo mengi mepesi. Pigo moja zito linafika kwenye beringi za krenki na kuziachia mashimo ambayo utayasikia yakilia baada ya mwezi.

Ikishindikana bado, jaribu kuinua bloku pamoja na pistoni yake. Krenki ikiwa huru, vitapanda kwa pamoja, na kama pistoni imekwama karibu na chini ya silinda, pini yake itaonekana chini ya bloku. Ziba mdomo wa kesi kwa kitambaa safi kabla ya kutoa klipu. Klipu ikidondokea ndani utapasua injini nzima kuitafuta. Toa pini, beba bloku yenye pistoni yake kwenye mashine ya presi. Gerezani na Kariakoo kuna mafundi wa leti wanaofanya hivyo kila siku. Wakikuta pistoni imekuwa kitu kimoja na silinda, mwambie fundi aiharibu pistoni aiokoe bloku. Bloku asili ya Honda ya zamani ni chuma kizuri, haipatikani kirahisi, na pistoni zinauzwa.

Kupima kabla ya kurudisha

Injini kuzunguka si ruhusa ya kuiwasha. Pitisha ukucha juu ya ukuta wa silinda. Mistari ambayo ukucha haukwami humo ni ya kusafisha kwa kifaa cha kusugulia silinda na kuweka ringi mpya. Ukucha ukikwama, au ukiona vishimo vya kutu eneo la ringi kusafiria, bloku inakwenda kuchongwa. Nunua pistoni kwanza, halafu ndiyo upeleke bloku, ili fundi achonge kufuata pistoni iliyo mkononi mwake. Ovasaizi, yaani pistoni kubwa kidogo kuliko ya asili, huwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 zaidi, kwa hiyo CG ya 56.5 ikichongwa kwa 0.50 inakuwa 57.0. Dukani beba pistoni ya zamani, ulinganishe kipenyo cha pini na urefu kutoka pini hadi kichwani. Nakala za CG ni nyingi na hazifanani zote, maneno ya muuzaji kwamba "hiyo inaingia kaka" hayatoshi.

Ringi mpya ziingize moja moja ndani ya silinda bila pistoni, zisukume kwa kichwa cha pistoni zikae sawa, upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji, vile vibapa vya kupimia mwanya. Kwa silinda ya upana huu, karibu milimita 0.2 ni sawa. Ukikuta mwanya hakuna kabisa, ringi ikipata joto itabana na utarudi ulikotoka. Herufi iliyoandikwa kwenye ringi iangalie juu, na mianya ya ringi isilingane. Klipu za pini ziwe mpya siku zote.

Shika konrodi, ivute juu na chini. Mchezo wa kwenda pembeni ni halali yake, mchezo wa juu na chini maana yake beringi ya krenki imekwisha. Zungusha krenki kwa mkono usikilize: mkwaruzo wa mchanga ni beringi zenye kutu. Fungua kava la kulia usafishe kichujio cha oili na wavu wake, kwa sababu uchafu wote ulioulowesha umeshukia huko.

Kwa pikipiki za toostroku (injini ya mapigo mawili), AG100 na A100, unaweza kuitazama pistoni kupitia tundu la ekzosi bila kufungua hedi, na kulowesha unapitishia hapo pia. Mimina kidogo, maana ziada inajaa kwenye kesi ya krenki na lazima imwagwe kabla ya kuwasha. Sili za krenki zilizokauka zitavuta hewa, injini itachemka na kunoki upya, hivyo zibadilishe ukiwa tayari umefika ndani.

Kuwasha

Tia oili mpya ya pikipiki, 20W-50 inafaa kwa joto letu. Ya gari yenye kemikali za kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. CG huchukua karibu lita moja, hakikisha kwa kijiti. Plagi ikiwa nje, piga kiki taratibu mpaka uone oili inafika kwenye roka. Hapo ndipo urudishe plagi na kufunga kava.

Petroli ya zamani mwaga yote. Tangi likiwa na kutu usilifungulie kabureta, tumia chupa ndogo ya muda mpaka utakapolisafisha. Kabureta ifungue, jeti zake zisafishe kwa waya laini wa shaba.

Ikiwaka itatoa moshi mwingi, ni ile oili ya kulowesha inayoungua kwenye ekzosi, na utaisha ndani ya dakika kumi hivi. Usipandishe mzunguko. Iache dakika tatu, izime, ipoe mpaka uweze kushika mapezi, iwashe tena. Injini inayopozwa kwa hewa haipendi kunguruma ikiwa imesimama, kwa hiyo ikishatulia ipeleke barabara ya mtaani kwa mwendo wa pole. Ikipoa kabisa kaza nati za hedi tena na rekebisha tepeti. Badili oili baada ya kilomita 50, utaona ilivyobeba uchafu, kisha tena kwenye kilomita 500. Kabla ya hizo 500 usibebe abiria kupanda Kimara, wala kuvuta mafuta hadi mwisho kwenye Barabara ya Bagamoyo.

Ukitaka kuiegesha zaidi ya mwezi, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha mara chache, acha pistoni juu valvu zikiwa zimefunga, ziba ekzosi kwa kitambaa chenye oili. Funga utepe mwekundu kwenye hendeli, atakayeiwasha akumbuke kukitoa.